Mjomba anasema miaka mitatu ya uhandisi haijanisaidia kitu, anataka niahirishe chuo nirudi gereji. Nifanyeje?

BARUA

Shikamoo mama mshauri, pole na majukumu. Mimi ni kijana wa Masasi, nasoma mekaniko injiniaringi chuo kimoja huko Dar, nimemaliza mwaka wa tatu sasa hivi niko nyumbani likizo, mwaka wa nne ndo wa mwisho. Naomba unisaidie mana kichwa kimejaa na huku nyumbani sina wa kumwambia akanielewa.

Iko hivi mama. Anayenisomesha ni mjomba, kaka yake mama yangu, si unajua huku kwetu mjomba ndo kila kitu. Bodi wananipa mkopo ila sio asilimia zote, ada inayobaki anatoa mjomba kwenye korosho zake na boom, yaani hela ya kujikimu ya Bodi ya mikopo, likichelewa ni yeye huyo huyo ananitumia hela ya kula. Ukiacha korosho ana mashine ya kusaga, ndo inayolisha nyumba miezi ambayo sio ya msimu.

Sasa hiyo mashine inasumbua, beringi zinakufa hovyo hasa ya upande wa nyundo. Zamani beringi ilikuwa inakaa mwaka na miezi, siku hizi miezi mitatu tu chali. Niliporudi mjomba akanipeleka pale mashineni, wamama wamejaa na ndoo zao, akaniambia haya injinia tuambie tatizo nini. Nikaangalia, nikashika, nikasikia kweli inatetemeka, halafu nikakosa cha kusema mama, nilitamani ardhi ipasuke. Nilichoambiwa ni kwamba fundi alibadilisha puli ya mota, lile gurudumu la mkanda, mwaka jana, ilikuwa ya inchi 8 akaweka ya inchi 10 ili isage haraka mana wateja walikuwa wengi, na nyundo alibadilisha zile zilizoisha sana tu nyingine akaziacha za zamani. Akaitwa binamu yangu, mtoto wa mjomba, yeye alisoma ufundi VETA Mtwara na sasa ana gereji yake, akafungua akapiga beringi mpya, saa moja haikuisha mashine inanguruma watu wanasaga.

Mjomba hakunitukana, ni mtu mpole sana. Usiku akaniita akasema mwanangu, korosho za misimu mitatu zimeenda Dar na anayetutoa hapa ni mwenzio wa VETA. Akasema nifikirie kuahirisha mwaka wa nne niingie gereji kwa binamu nijifunze kazi, na ile hela ya ada anunue mashine ya pili, mbele ya safari nikiona inafaa nitarudi chuo.

Mama mimi nimeshindwa kumjibu mana ndani ya moyo naona kama ana haki. GPA yangu sio mbaya, ina tatu na kitu, lakini nitakuwa mkweli kwako, naifaulu kwa pasti pepa. Themodainamiksi nilipata B ila ukinisimamisha hapa unielezee entropi ni nini sina jibu. Na wenzangu wengi tuko hivo hivo, tunakariri tunatema tunasahau. Waliomaliza mbele yetu wengine wako mtaani wanauza vocha na kuendesha boda. Sasa najiuliza hii digrii lengo lake hasa nini? Kama ni kutengeneza mashine mbona fundi anatengeneza bila digrii, na kama sio kutengeneza mashine tunasomea nini? Niache au nimalizie?

Mwanao wa Masasi.

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma yote na nikairudia, na jibu la haraka nakupa kabisa ili ulale: usiache na usiahirishe, mwaka mmoja umebaki na ukitoka sasa hivi kurudi ni kugumu kuliko mjomba anavyofikiria, mkopo una mambo yake, chuo kina mambo yake, na wewe mwenyewe ukishashika hela ya kila siku hutaki tena kukaa darasani. Ila sitaki uende ukamjibu mjomba kwa kiburi cha chuo, mana alichouliza ni swali la haki kabisa na ni swali ambalo mlitakiwa mfundishwe jibu lake wiki ya kwanza mlipofika pale, wengi wanavaa joho hawajawahi kuulizwa.

Sasa kabla ya maneno mengi tuifanye hiyo mashine ya mjomba, mana umeniandikia kila kitu kinachohitajika na sidhani kama umejua kwamba umeniandikia. Puli ya mota imetoka inchi 8 kwenda inchi 10 na ya kinu haijaguswa, maana yake kinu kimeongezewa mwendo kwa robo nzima. Tuseme mota yenu ni ile ya kawaida ya mizunguko kama 1450 kwa dakika na puli ya kinu ni inchi 4, basi mwanzo nyundo zilikuwa zinazunguka 2900 na sasa zinapita 3600. Haya, nyundo mpya ni nzito na za zamani zimelika, upande mmoja ukizidi mwingine uzito ile rota, yaani mhimili unaobeba nyundo, inavutwa kwenda nje kila inapozunguka, na wewe umesoma dainamiksi mwaka wa pili kwamba nguvu hiyo inapanda kwa mraba wa mwendo. 1.25 mara 1.25 ni kama 1.56. Kwa hiyo hata kama uzito wa nyundo usingebadilika kabisa, nguvu ya kuivuta beringi imepanda kwa zaidi ya nusu, na hapo bado hujahesabu kwamba nyundo zenyewe ndo zimechanganywa.

Kwenye mashini dizaini ukafundishwa maisha ya beringi ya gololi, ile hesabu ya Lundberg na Palmgren, Waswidi wale walioitoa 1947, kwamba maisha yanapungua kwa mzigo uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu. Chukua 1.56 izidishe yenyewe kwa yenyewe mara tatu, unapata kama 3.8. Na kwa sababu mizunguko inaisha haraka kwa robo zaidi, kwa masaa ya kazi unazidisha tena 1.25, inakuja kama 4.8. Beringi iliyokuwa inakaa miezi 14, gawanya kwa 4.8. Umeona? Miezi mitatu. Sisemi namba itakaa hivo hivo kila mashine, hapa nimechukulia kwamba mzigo mkubwa unatoka kwenye huo mtikisiko, mkanda nao unavuta na kama waliukaza sana unaongeza, ila kwa vile inayokufa ni ya upande wa nyundo na sio ya upande wa puli mimi naanza na nyundo bila wasiwasi.

Kesho nenda mashineni na mzani mdogo, hata wa dukani wa kupimia sukari, fungua nyundo zote pima moja moja, zinazokaribiana uzito ziweke zinazotazamana, zilizolika sana toa. Rudisha puli ya inchi 8. Nyoosha uzi kwenye uso wa puli mbili uone kama zimelingana. Kama binamu ana klampu mita mwambie apime ampea za mota wakati inasaga, linganisha na kibati cha mota, mana kinu kikikimbizwa kinakula nguvu zaidi na mota yenyewe inaweza kuwa inapikika polepole bila nyie kujua. Na zima umeme kwenye mein swichi kabisa kabla hujaingiza mkono, weka mtu asimame pale asiruhusu mtu kuwasha, hilo silitanii.

Kila kitu nilichotumia hapo unacho kichwani. Dainamiksi umesoma, mashini dizaini umesoma, umeme wa mota umesoma. Hakuna nilichokuzidi isipokuwa mimi naulizwa na mashine na wewe umezoea kuulizwa na karatasi ambayo imeshakuandikia namba zote na kukwambia tumia fomula ipi. Pale mashineni hakuna aliyekwambia "ikizingatiwa kwamba". Hapo ndo palipokushinda, kuligeuza lile tetemeko kuwa swali lenye namba. Na hilo mwanangu ndo lengo kubwa la hiyo digrii, yaani mtu akupe kero isiyo na kichwa wala miguu, wewe uikate uone ni nguvu, ni joto, ni mtiririko au ni chuma kuchoka, uchague ipi ya kuhesabu na ipi ya kuacha, upate jibu unaloweza kulisimamia.

Binamu yako alibadilisha beringi kwa saa moja, hiyo ni kazi ya heshima na usije hata siku moja ukaidharau, mimi nimefanya kazi na mafundi ambao sikio lao linajua mashine kabla ya kifaa changu. Lakini beringi aliyoweka itakufa tena baada ya miezi mitatu na yeye ataitwa tena. Mjomba anaona mtu anayemtoa kwenye shida, haoni kwamba shida yenyewe inalipiwa kila robo mwaka. Na kuna zaidi ya hapo, fundi anakutana na mashine ikiwa imeshatengenezwa, wewe unafundishwa uweze kusema kabla haijatengenezwa kama itahimili au haitahimili, itakula umeme kiasi gani, itakaa muda gani, itaua mtu au haitaua.

Chukua maji ya Makonde, hili la kwetu kabisa. Watu wa Newala na Tandahimba wako juu kwenye uwanda, maji yako chini kwenye visima vya Mitema kule Kitangari, yanasukumwa na pampu kupanda mlima, na kila mzawa wa huku anajua miaka mingapi watu wamehangaika na ndoo. Huwezi kukaa juu ukayanyonya, mana hata pampu iwe ya bei gani kunyonya kunaishia kama mita 10 kwa sababu kinachoyasukuma ni uzito wa hewa tu, lazima uyasukume kutoka chini. Kila mita 10 unazopanda ni kama baa 1 ya presha. Ukiwa na mlima wa mita 300, tuseme, ni baa 30 kabla hujagusa msuguano wa bomba, na lita 1000 kuzipandisha huko zinakula kama uniti 0.8 ya umeme hata pampu ingekuwa haina hasara yoyote, ukiweka hasara za kawaida za pampu na mota unafika kama uniti 1.4. Halafu mtu aje aseme tuongeze maji mara mbili kwenye bomba lile lile, hajui kwamba msuguano unapanda kama mara nne. Haya yote unayajua ukiwa umekaa mezani na kalamu, kabla serikali haijanunua bomba hata moja. Ukikosea mezani, kijiji kizima kinalipa bili ya umeme ya makosa yako miaka 20, au bomba linapasuka kule bondeni presha ilipo kubwa na wamama wanarudi kwenye ndoo. Fundi hodari kuliko wote Mtwara hawezi kuliokoa hilo akiwa na spana mkononi, limeshaharibika siku ile lilipochorwa.

Na hapo pia kuna jambo ambalo naona vyuoni linapitwa haraka mno, la kubeba dhamana ya watu. Boila unazijua, viwanda vya korosho vinapikia korosho kwa mvuke kabla ya kubangua, hospitali wanazo, na boila ni chungu kilichofungwa ambacho maji ya ndani yana joto kupita kuchemka, likipasuka yale maji yanageuka mvuke kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1905 kule Brockton, Massachusetts, boila la kiwanda cha viatu cha Grover lililipuka likapita sakafu na paa, jengo likaanguka na kushika moto, walikufa watu 58. Boila lilikuwa la zamani. Baada ya hapo jimbo lile likatunga sheria za boila na chama cha wahandisi mitambo wa Marekani, ASME, kikaandika kanuni zake za boila zilizotoka 1914, na mpaka leo matenki na boila yanachorwa kwa kanuni zilizozaliwa pale. Huku kwetu OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi, ndo wanaokagua. Sasa unaposoma unene wa ukuta wa silinda yenye presha, ile fomula ya nusu ukurasa uliyoikariri kwa ajili ya tesiti, kuna watu 58 nyuma yake. Mtu anayeifaulu kwa pasti pepa halafu akasaini mchoro wa boila, huyo mimi namuogopa kuliko fundi asiyesoma kabisa, mana fundi asiyesoma angalau anajua kwamba hajui na anaongeza unene.

Kwa hiyo kwenye hilo la kukariri nakuwa mkali mwanangu, na nakuwa mkali kwa sababu nakupenda. Digrii iko sawa, namna unavyoisoma ndo haiko sawa. Ukimaliza hivo hivo kwa kukariri na kutema basi kweli korosho za mjomba zitakuwa zimeenda bure.

Ila lawama sio yako yote. Ubishi huu wa vitabu na mikono wenzetu wameubishania muda mrefu. Marekani 1955 kamati iliyoongozwa na Grinter ilitoa ripoti ikasema wahandisi wasome sayansi ya msingi zaidi, mana baada ya vita walikuwa wameona wahandisi waliofundishwa mashine moja moja wanakwama teknolojia ikibadilika. Wakafuata, karakana zikapungua, hesabu zikaongezeka, miaka ikaenda viwanda vikaanza kulalamika kwamba vijana wanajua milinganyo ila hawajawahi kubuni kitu wala hawajui kufanya kazi na watu. Wakaanza kurudi, vyuo vya Sweden pamoja na chuo cha MIT cha Marekani wakaja na mpango wa kumfundisha mwanafunzi kwa kubuni kitu na kukijenga mpaka kifanye kazi. Mimi msimamo wangu uko wazi, kanuni za msingi haziwezi kupunguzwa hata moja, ila kanuni isiyoshikwa na mkono haikai. Vyuo vyetu vina PT za likizo, yaani mafunzo kwa vitendo, kwa ajili hiyo hiyo na najua vizuri wanafunzi wengi wanavyozifanya, mtu anapigiwa muhuri logibuku na alikuwa anatumwa chai. Usifanye hivo. Ukipelekwa mahali wakakuweka kwenye kiti cha ofisi omba kwa adabu uende kwa waendesha mitambo wa zamu ya usiku, ndo walimu.

Umetaja pia waliomaliza wako mtaani. Ni kweli na inauma, sitakudanganya kwamba ajira zinakusubiri. Ila angalia walisomea nini na walijibana wapi. Huku kusini tulipita kipindi kila kijana anataka kusomea gesi tu, gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, bomba la kwenda Dar likakamilika 2015 na mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba, halafu kila mtu akawa anasubiri mradi mkubwa wa kusindika gesi Lindi ambao mazungumzo yake yamekwenda miaka na miaka. Waliojifunga na kitu kimoja wakabaki wanasubiri. Uhandisi mitambo ni mpana makusudi, na upana huo wanafunzi huwa wanauona kama udhaifu wakati ndo akiba yako. Themodainamiksi ile ile iko kwenye injini za gesi za kufulia umeme hapo Mtwara, iko kwenye tanuru la saruji la Dangote, iko kwenye friji za samaki, iko kwenye boila ya korosho. Fluidi mekaniksi iko Madimba na iko Mitema. Hata bloa ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, ile anayobeba kijana mgongoni inanguruma kutwa nzima, ndani yake mna injini ya mipigo miwili, feni, mtiririko wa hewa na vumbi, na mtetemo unaoharibu mikono ya anayeibeba, na hakuna mtu huku ameikaa chini akaichora upya kwa ajili ya miti yetu mirefu na migongo ya vijana wetu. Mimi likija kwenye hilo naumia kabisa, mkoa unaolima korosho kiasi hiki na mashine karibu zote za kubangua zinatoka nje, na zikija zinavunja punje, na punje iliyovunjika bei yake unaijua.

Entropi tusiiache hivi hivi kwa vile umeitaja. Mwaka 1824 Mfaransa kijana, Sadi Carnot, alitaka kujua injini ya mvuke inaweza kuboreshwa mpaka wapi. Akaona kuna ukomo, unawekwa na joto la juu unakoingizia na joto la chini unakotemea, fundi hata awe nani hauvuki. Entropi ilikuja baadaye kuyahesabu hayo, inakwambia ni kiasi gani cha joto lako kimeshapoteza uwezo wa kufanya kazi. Jenereta ya hospitali inakula dizeli, sehemu kubwa ya nishati inatoka kama moshi wa moto na maji ya rejeta. Swali la entropi ni hili, kati ya hilo joto linalotoka, lipi bado lina thamani ya kukamatwa na lipi limeshakufa? Moshi una nyuzi mia kadhaa, huo unaweza kuchemshia maji ya wodi. Maji ya rejeta ni ya nyuzi themanini au tisini, yanaweza kukaushia kitu. Ukiielewa hivi hutaisahau, na mwalimu akiuliza kwa njia yoyote utajibu.

Sasa likizo hii iliyobaki. Kwanza nenda gereji kwa binamu, nenda kama mwanafunzi wake, asubuhi ufike kabla yake, mwite kaka hata kama mko lika moja. Shika spana, chafuka, jifunze kusikia beringi mbovu, kujua boliti imekaza kiasi gani bila kuivunja. Kila kinachokuja kimevunjika muulize kaka hiki huwa kinavunjika wapi na baada ya muda gani, halafu jioni kaa na madaftari yako ya mwaka wa pili na wa tatu utafute kwa nini pale na sio kwingine. Shafti iliyokatika angalia uso wake, ukiona mistari kama mawimbi na sehemu ndogo ya mwisho imechanika kwa ukali, hiyo ni chuma kuchoka, ilianza kupasuka zamani sana kabla ya siku iliyokatika, mara nyingi kwenye kona kali au njia ya funguo. Chora kwa mkono, weka vipimo. Na wewe mpe kaka kitu, msaidie kupanga hesabu za gereji, mfundishe kusoma kataloji ya beringi, yale maandishi ya 6205 na 6305 tundu ni lile lile milimita 25 ila ya pili inabeba mzigo mkubwa zaidi. Mafundi wengi wanaojua mikono wangependa sana mtu awaeleze bila kuwadharau.

Mjomba usiende kumwambia habari za malengo ya elimu. Mpangie nyundo zake, rudisha puli, mwambie mjomba hii beringi iandikie tarehe ukutani. Halafu kaa nae chini mhesabie hela, beringi ngapi kwa mwaka kwa bei ya Masasi, siku ngapi mashine imelala wamama wakaenda kwa jirani, muoneshe kwenye karatasi. Mwambie pia ukweli kwamba ulikuwa unasoma kwa kukariri na kwamba mwaka huu wa mwisho utasoma tofauti, yeye ndo anayelipa ana haki ya kulijua hilo. Akisema kusaga kutapungua kasi ukirudisha puli ni kweli kutapungua, usimfiche, mwambie kama anataka kasi basi kinu kinahitaji beringi kubwa zaidi, rota iliyosawazishwa na labda mota kubwa, na wewe utamletea hesabu ya gharama achague mwenyewe. Mhandisi anapeleka machaguo yenye bei zake kwa mwenye hela. Kama bado ada ni nzito kweli mwambie mama yako aongee na wajomba wengine, msimu wa korosho mauzo ya ghalani yakifunguliwa hata michango midogo inatosha kuziba pengo la mwaka mmoja.

Na projekti ya mwaka wa nne usichukue ile inayozunguka kila mwaka watu wanabadilisha jina la kwenye kava. Andika pendekezo lako kabla hujapanda basi kwenda Dar, chukua kitu cha huku, kinu cha kusaga au kibangulio cha korosho kinachopunguza kuvunja punje, nenda TARI Naliendele, kile kituo cha utafiti wa kilimo, ukaombe kuongea na wataalamu wa korosho, wale wanajua punje kuliko wewe na wana vipimo vya unene wa ganda ambavyo utavihitaji. Jenga kitu, kipime, kikishindwa andika kimeshindwa kwa nini, usipike namba. Msimamizi wako akikwambia ni kubwa sana punguza eneo ila usibadilishe mada.

Ukimaliza usikae ukisubiri barua ya ajira, ndani ya mwezi peleka vyeti vyako Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, usajiliwe kama mhandisi mhitimu, halafu omba kuingia kwenye mpango wao wa mafunzo kazini, ule wanaouita SEAP ulioanza 2003, unakaa miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa anakusimamia ndo baadaye unaomba kuwa mhandisi kamili unayeruhusiwa kusaini kazi. Kila kazi unayofanya humo andika mwenyewe siku hiyo hiyo, vipimo, hesabu na michoro, mana ndo utakayohojiwa nayo.